Busara ya Kiongozi wa Wahandisi

Jioni ya tarehe 29 Agosti, 1907, wafanyakazi 86 walikuwa juu ya daraja lililokuwa likijengwa katika Mto St. Lawrence, karibu na mji wa Quebec, nchini Kanada. Muda wa kufunga kazi ulikuwa umekaribia. Ghafla upande mzima wa kusini uliporomoka. Watu 75 walipoteza maisha, wakaacha nyuma wajane na yatima.

Mhandisi mshauri wa daraja hilo, Theodore Cooper, hakuwa mtu asiyejua kazi. Alikuwa miongoni mwa wajenzi mashuhuri wa madaraja huko Marekani. Ila umashuhuri ulimfanya aaminiwe mno, naye akajiamini mno. Aliagiza nafasi kati ya nguzo kuu iongezwe kutoka meta 488 hadi meta 549, lakini uzito wa daraja haukukadiriwa upya ipasavyo. Kosa lilipogunduliwa, vyuma vingi vilikuwa vimekwisha kutengenezwa. Cooper akaona kuwa hatari hiyo yavumilika, na kazi ikaendelea.

Tena, akiwa mzee mwenye afya dhaifu, aliongoza kazi kwa barua kutoka New York. Mwakilishi wake darajani alikuwa kijana Norman McLure. Mwezi huo wa Agosti mihimili ya chini ilianza kupinda. Wengine walibisha kwamba ilikuwa imepinda tangu zamani. Siku zikapita katika mabishano, na mzigo ukazidi kuongezwa. Hatimaye McLure alisafiri hadi New York. Cooper alipoona vipimo, alituma telegramu kuzuia mzigo usiongezwe. Lakini aliituma kwenye ofisi za kampuni huko Pennsylvania, si darajani. Jioni hiyo hiyo daraja likaanguka.

Ndugu msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Busara ya kiongozi wa mafundi haitokani na mvi wala vyeti peke yake. Hukua kwa kwenda kujionea kazi inapofanyika, kwa kurudia hesabu mambo yanapobadilika, na kwa kumpa kijana aliye kazini uwezo wa kusema, “Simamisheni!” Penye shaka, kazi na isimame kwanza, mabishano yafuate baadaye.

Na fundisho hili haliwahusu wahandisi tu. Baba anayemnyamazisha mtoto aliyeona nyufa ukutani naye anaongoza kama Cooper. Siku ya kusimamisha kazi huweza kulipwa. Maisha ya watu 75 hayalipiki.