Mwezi Haujali Taa za Jiji

Mkazi wa Kariakoo akitaka kushiba nyota, hana budi kupanda basi atoke nje ya jiji. Taa za barabarani, mabango na maduka zimeshazimeza karibu zote. Mwezi ni habari nyingine. Ardhi yake inapigwa na jua lile lile linalotuunguza mchana, na ingawa inarudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga huo, taa za Dar es Salaam nzima hazifui dafu. Aliye juu ya paa la ghorofa anaona milima na mabonde yale yale anayoyaona aliye porini Serengeti.

Picha nyingi huharibikia hapo hapo. Simu inakuta giza limetanda, inajitahidi kuvuta mwanga, na mwezi unatoka doa jeupe lisilo na alama yoyote. Dawa ni kuupiga kama kitu cha mchana. Kwenye simu, gusa mwezi kwenye kioo, kisha shusha kiwango cha mwanga mpaka yale madoa ya kijivu yajitokeze. Mwenye kamera aanze na ISO 100, tundu la lenzi f/11 na kasi ya sekunde 1/125, halafu arekebishe kidogo kidogo. Mwezi mchanga hutaka mwanga zaidi. Zuumu ya simu nayo isiaminiwe sana. Zipo simu ambazo programu yake ikitambua kwamba kilicho mbele ni mwezi, hunogesha alama zake. Picha inapendeza, ila si yote iliyopita kwenye lenzi.

Mjini, adui ni hewa. Mabati na zege vilivyochomwa kutwa hutoa joto hadi usiku, hewa inapanda ikitetemeka, na kwenye darubini ukingo wa mwezi unaonekana ukichezacheza. Kiyoyozi cha jirani kikipuliza chini ya dirisha ndiyo balaa kabisa. Afadhali kusubiri mapaa yapoe na mwezi upande juu, ambako mwanga wake unapita kwenye hewa kidogo. Wakazi wa ukanda wa Ikweta wana bahati hiyo: kwao mwezi mara nyingi hupita karibu na utosi.

Wengi hutoka na kamera usiku wa mwezi mpevu, na kwa kweli huo ndio usiku mbovu kuliko yote kwa anayetafuta mashimo. Jua linaumulika mwezi kutoka upande wetu, hakuna vivuli, kila kitu kinalala bapa. Robo ya kwanza ndiyo yenye utamu. Jua likizama Dar, mwezi huo wa nusu tayari uko juu kabisa, na kwenye mpaka wa mwanga na giza kila shimo lina kivuli chake. Siku 1 au 2 baadaye mwanga hufika Copernicus, shimo lenye upana wa kilomita 93. Boti ikisafiri umbali wa kutoka Dar hadi mjini Zanzibar, haitakuwa imefika ng'ambo yake ya pili. Darubini ndogo huonyesha kuta zake zilizoshuka ngazi kwa ngazi, na vilele katikati.

Mwezi mpevu una kazi yake: kuchomoza. Kutoka Coco Beach unaibuka baharini karibu na machweo, mkubwa wa kutisha, japo ukubwa huo ni macho tu kudanganyika, kamera haiuoni. Anayetaka mwezi mkubwa nyuma ya jengo arudi nyuma na lenzi ndefu. Akisimama kilomita 2 kutoka kwenye jengo, mwezi utafunika takriban mita 18 za jengo hilo.

Kuna usiku mmoja ambao taa za jiji hulipiza kisasi, nao ni ule wa kupatwa. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi uliingia wote kwenye kivuli cha dunia kuanzia saa 2:30 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kwa dakika 82, ukawa mwekundu na hafifu. Hapo sekunde 1/125 haikufaa kitu; ilitakiwa stendi imara, ISO 800 na sekunde nzima au zaidi. Kupatwa kamili kutakakofuata kwa wakazi wa pwani hii ni kwa tarehe 31 Desemba 2028. Mwezi utachomoza Dar ukiwa umeshaanza kuliwa, na kabla ya saa 1:30 usiku utakuwa umefunikwa wote. Ni mkesha wa mwaka mpya, kwa hiyo mwenye stendi awahi nafasi ufukweni.