Usiunganishe baiskeli kabla ya kupima mwili

Je, umenunua fremu na vipuri vya baiskeli ya milimani yenye springi mbele na nyuma, na sasa wamtafuta fundi akuunganishie? Subiri kidogo. Baadhi ya wagonjwa wanaokuja kwetu madaktari wakilalamikia magoti, kiuno au vidole vyenye ganzi baada ya kuendesha msituni Karura hawana maradhi yoyote. Shida ni baiskeli isiyowatosha.

Wengi hudhani springi zitawakinga. La hasha! Springi hupunguza kishindo cha mawe na mashimo tu. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, kila goti hujikunja mara 3,600 kwa saa. Kiti kikiwa vibaya, goti huumizwa mara zote hizo.

Kwanza, springi. Keti juu ya baiskeli ukiwa na mzigo wako wote, hata maji ya kunywa. Fundi apime jinsi springi ya nyuma inavyozama. Robo ya mwendo wake wote, au zaidi kidogo hadi asilimia 30, yatosha. Ikiwa ni ya upepo na yazama kupita hapo, ongeza upepo. Kazi hii itangulie, kwa sababu sehemu ya nyuma ikizama, pua ya kiti huinuka. Pua hiyo hufinya mishipa ya damu na ya fahamu iliyo kati ya miguu, na sehemu za siri zikafa ganzi. Dalili hii usiionee haya, uwe mwanamume au mwanamke. Inamisha pua mpaka kiti kilale sawa ukiwa umekikalia.

Pili, kimo cha kiti. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kulala upande. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Maumivu mbele ya goti mara nyingi huonyesha kiti kiko chini mno. Nyuma ya goti, kiko juu mno. Kisogeze milimita 5 tu, kisha ujaribu kwa siku chache.

Tatu, usukani. Fundi asikate bomba la uma wa mbele kabla hujajaribu kimo, kwani likishakatwa halirefuki. Viwiko vikunjike kidogo, na viganja visibebe uzani wote. Kidole cha mwisho na cha pete vikifa ganzi, jua mshipa wa fahamu unafinywa kiganjani.

Iwapo ganzi haiishi baada ya kupumzika siku kadhaa, au goti linafura au kukwama, mwone daktari. Usimeze tembe za kutuliza maumivu ili uendelee kuendesha. Zitakuficha maumivu huku goti likizidi kuharibika.