Mtoto Aanze na Ramani ya Chumba Chake

Watoto wetu wengi hukutana na ramani kwa mara ya kwanza ikiwa imetundikwa darasani: Afrika nzima, rangi tele, mwalimu ameshika fimbo. Kwa mtoto wa miaka 6 hilo ni pambo la ukuta. Naona heri aanze na chumba anacholala.

Kigumu si kuchora, ni kutazama kutoka juu. Mwambie mtoto achore nyumba, atakuchorea mlango, dirisha na paa, maana ndivyo anavyoiona akiwa amesimama. Basi weka kikombe juu ya karatasi, akizungushie penseli. Ukikiondoa, linabaki duara. Hicho ndicho kikombe kwa macho ya kunguru (na kunguru Mombasa tunao wa kutosha). Halafu sahani, halafu kiberiti, kisha chumba kizima: kitanda, mkeka, mlango. Mpwa wangu wa miaka 7 alipofika hapo aliuliza kama paka naye achorwe. Nikamwambia la, paka hakai mahali pamoja. Ramani huchukua kile utakachokikuta ukirudi kesho.

Baada ya chumba, achore njia ya kwenda madrasa. Ahesabu hatua zake, na kwenye daftari la miraba kila mraba uwe hatua 10. Hapo ameshaijua skeli kabla hajalisikia neno lenyewe. Akija kuambiwa kwamba katika ramani ya 1:50,000 sentimita moja ni nusu kilomita, halitakuwa jambo geni. Kisima, mwembe na duka avipe alama, na pembeni aandike kila alama ni ya nini.

Kwa upande wa dira, sisi wa Pwani tumebahatika. Makka iko karibu kaskazini kamili ya Mombasa, kwa hivyo mtoto aliyesimama kwenye mswala ameshaelekea kaskazini. Kulia kwake ni mashariki, kwenye bahari. Kushoto ni magharibi, na swala ya jua kuzama inamkumbusha jina. Nyuma ni kusini, unakotoka upepo wa kusi. Ila asifundishwe kwamba kaskazini ndiyo "juu". Al-Idrisi, aliyekamilisha ramani yake ya dunia mwaka 1154 kwa Mfalme Roger wa Sicily, aliiweka kusini juu. La maana ni kuigeuza karatasi mpaka ilingane na ardhi.

Ninalishikilia jambo hili kwa sababu Pwani hii shamba huweza kupotea kwenye karatasi mwenyewe angali analilima. Nimekaa barazani na mzee anayejua kila mnazi wake, lakini akifunguliwa ramani ya mpimaji huishika juu chini, kisha humwachia dalali amsomee. Na dalali huyo ana mnunuzi tayari. Mjukuu wa darasa la 5 anayeweza kuilinganisha karatasi na kibla, akasoma skeli na kuhesabu hatua, angemwonyesha babu yake mahali pa kuuliza swali kabla ya kidole kutiwa wino. Mpimaji bado atahitajika, lakini ataitwa mapema.

Likizo ijayo, wenye hatimiliki watoe nakala ya ramani ya shamba, si ile asili, wampe mtoto. Aanzie kona yenye jiwe la mpaka, aelekee kibla kwanza, kisha atembee.