Tshibumba, mchoraji aliyejiita mwanahistoria

Wandugu, nawaandikia toka Kilwa, na leo naacha mahindi kidogo. Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga (sisi wa agronomia tunayajua vizuri), akauzia watu wa kawaida, watundike saloni.

Uingereza ya karne ya 18, fundi alichonga sura ya mkubwa mara moja kwenye bamba la shaba, kisha akachapa nakala nyingi. Tshibumba, mtoto wa nchi ya shaba, hakuwa na bamba. Mteja akitaka "Colonie belge", mfungwa anapigwa fimbo chini ya bendera ya Wabelgiji, aliichora upya kwa mkono. Akija mwingine, vilevile. Ndiyo ilimpa chakula.

Lakini mwisho wa 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwalimu wa antropolojia kwenye iniversite ya Lubumbashi. Alimchorea picha zaidi ya 100: historia ya nchi nzima mpaka Zaire ya Mobutu, na alizieleza kwa Kiswahili chetu, kaseti inarekodi. Lumumba aliuawa karibu na mji huo tarehe 17 Januari 1961. Kwenye picha ya kifo chake, nyuma kuna misalaba mitatu. Mimi sioni profesa aliyesema zaidi kwa rangi kidogo hivyo.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna habari zake. Picha zilienda Tropenmuseum, Amsterdam. Mwanafunzi wa Lubumbashi akitaka kusimama mbele yake, aombe viza.