Kugawanya diski kwa Linux: soma jedwali kwanza, ndipo uguse

Mtu anachomeka diski yake ya nje kwenye kompyuta ya Windows, na ujumbe unatokea: diski hii inapaswa kuformatiwa kabla ya kutumiwa. Anadhani diski imekufa. Akikubali, picha za arusi, kazi ya mwisho ya chuo kikuu ama hesabu za duka zinatoweka. Kumbe diski ilikuwa nzima. Ilitayarishwa ndani ya Linux kwa mfumo wa ext4, na Windows yenyewe haijui kuusoma.

Mfumo wa faili ni namna kompyuta inavyopanga majina, ukubwa na mahali pa kila faili juu ya diski. Windows hutumia NTFS. Ubuntu na Linux nyingine nyingi hutumia ext4. Flashi nyingi huuzwa zikiwa na FAT32 ama exFAT.

Kunako miji yetu, watu wengi hununua kompyuta zilizokwisha kutumiwa, na baadhi yao huweka Linux kando ya Windows kwa sababu ni ya bure na haichoshi mashine ya zamani. Ili zote mbili zikae pamoja, diski inapaswa kugawanywa. Kifaa kinachojulikana sana kwa kazi hiyo ni GParted, programu ya bure iliyoanza mwaka 2004.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba GParted haifanyi kazi yote peke yake. Kwa kila mfumo wa faili, inaita programu nyingine ndogo. Kwa ext4 inaita e2fsprogs, kwa NTFS inaita ntfs-3g, kwa exFAT inaita exfatprogs, na kwa XFS inaita xfsprogs. Ikiwa programu hiyo haimo ndani ya kompyuta, kitufe cha kazi hiyo kinabaki kijivu na hakibonyezeki. Hapo ndipo mtu huanza kulaumu diski, ama hutafuta njia ya kulazimisha.

Jibu limo ndani ya GParted yenyewe. Kwenye menyu ya juu kuna jedwali linaloorodhesha mifumo ya faili na kazi zinazowezekana kwa kila mmoja: kuunda, kupanua, kupunguza, kuhamisha, kunakili, kukagua. Alama ya kijani inamaanisha kazi inawezekana kwenye kompyuta hiyo. Alama nyekundu inamaanisha haiwezekani, na mara nyingi jedwali linataja pia programu inayohitajika. Ukiisha kuiweka, unabonyeza kitufe cha kukagua upya, na nyekundu inageuka kijani.

Lakini kuna nyekundu ambazo hakuna programu itakayoziondoa. XFS, mfumo uliotengenezwa na kampuni ya Silicon Graphics miaka ya 1990, unaweza kupanuliwa, lakini GParted haiwezi kuupunguza. Mfumo huo ndio Red Hat Enterprise Linux huchagua yenyewe tangu toleo la 7 la mwaka 2014. Anayeupa diski nzima, kisha akataka nafasi ya kitu kingine, atalazimika kunakili kila kitu mahali pengine na kuanza upya. Kwa exFAT, GParted ilipata uwezo wa kuiunda mwaka 2021, katika toleo la 1.2.0, lakini haibadilishi ukubwa wake. Kwa ext4, NTFS na Btrfs, kupanua na kupunguza vyote vinawezekana.

Wenye kupenda kuandika amri wawe waangalifu zaidi. Programu ya fdisk huchora mipaka tu. Haigusi mfumo wa faili ulio ndani. Programu ya parted iliacha sehemu kubwa ya kazi za mifumo ya faili katika toleo la 3.0, mwaka 2011, na amri yake ya resizepart husogeza mpaka peke yake. Kuvuta mpaka ndani kabla ya kupunguza mfumo wa faili ni kama kujenga ukuta katikati ya chumba chenye watu: wengine wanabaki inje.

NTFS nayo ina sharti lake. Windows ikizimwa nusu, kama inavyofanya ili iwake haraka, Linux hukataa kuipunguza. Kukataa huko kunalinda faili zako. Rudi ndani ya Windows, ondoa uwashaji wa haraka, zima kabisa, kisha ujaribu tena.

Tena kuna umeme. Kusogeza mwanzo wa sehemu ya diski ni kunakili data yake kipande kwa kipande, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Moto ukikatika katikati, data nyingine iko mahali papya na nyingine imebaki pa zamani. Hapa kwetu, ambako umeme hukatika bila kupiga hodi, kazi hiyo isianzwe bila onduleri ama betri yenye nguvu, na kamwe isianzwe kabla ya kunakili faili muhimu kwenye diski nyingine.

Kwa diski ya kupeleka na kurudisha kati ya Windows na Linux, exFAT inafaa. Microsoft iliweka wazi maelezo yake mwaka 2019, na mwaka huohuo Linux 5.4 ilianza kuisoma yenyewe. FAT32 pia inasomwa na zote mbili, lakini haipokei faili moja inayofika GB 4, na video ndefu hukwama hapo.

Na ujumbe ule wa kuformati ukitokea? Bonyeza hapana, chomoa diski, uipeleke kwenye kompyuta yenye Linux. Faili zako huenda bado zimo zote.