Dalili na Kiashiria: Mate, Damu na Maradhi ya Ufizi

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Katika tiba, hata hivyo, neno dalili hubebeshwa mambo mawili yanayostahili kutenganishwa: lile analoliona au kulihisi mgonjwa mwenyewe, na lile linalojulikana kwa kipimo tu. Katika mhadhara huu la kwanza tutaliita dalili, na la pili kiashiria. Maradhi ya ufizi yanaonyesha umuhimu wa tofauti hiyo.

Maradhi haya huanzia kwenye ukoga, yaani utando wa bakteria unaoganda juu ya meno. Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake nchini Denmark walichapisha utafiti wa watu 12 walioacha kusafisha meno kwa makusudi. Ufizi wa wote ulivimba katika muda wa siku 10 hadi 21, ukapona waliporejea kusafisha. Lakini kwa baadhi ya watu uvimbe unaodumu huula mfupa unaoshikilia jino, na mfupa huo haurudi wenyewe. Uharibifu huu, ambao mara nyingi hauna maumivu, kwa sehemu kubwa hufanywa na kinga ya mwili yenyewe: seli nyeupe za damu zinapopambana na bakteria humwaga vimeng'enya, kikiwamo MMP-8, ambacho hukata nyuzi za kolajeni zinazoushikiza ufizi kwenye jino.

Vimeng'enya hivyo, pamoja na protini ambazo seli hupashana habari kwazo, kama vile interleukini-1 beta, huchuruzika hadi kwenye mate. Mate, basi, hueleza yanayotendeka kinywani. Damu hueleza ya mwili mzima. Protini ya CRP, inayotengenezwa na ini, huweza kuongezeka kwa mwenye maradhi makali ya ufizi. Lakini huongezeka pia kwa nimonia, jeraha au unene wa kupindukia. Nazo kingamwili dhidi ya bakteria Porphyromonas gingivalis huonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na adui huyo. Hazithibitishi kwamba vita vinaendelea leo.

Kwa hiyo daktari wa meno bado hupima kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, akitazama kina cha nafasi iliyopo kati ya ufizi na jino, na kama damu inatoka.

Hapa ndipo istilahi inapomgusa mgonjwa. Akiambiwa damu yake "haina dalili", huenda akarudi nyumbani ameridhika, ilhali ufizi wake unavuja damu kila apigapo mswaki. Dalili anayo mwenyewe. Kilichokosekana ni kiashiria.