Je, Wajua? Kocha Akila Mbuzi, Timu Hulipa Ng'ombe

Je, wajua kwamba kuna timu iliyoshinda mechi zote tatu za kundi lake katika Michezo ya Olimpiki, ikamaliza na pointi tatu? Ni wanasoka wanawake wa Kanada, Paris 2024, na walikuwa wamekwenda kutetea dhahabu yao.

Siku tatu kabla ya kuanza na New Zealand, droni ilionekana ikizunguka juu ya mazoezi ya wapinzani wao hao mjini Saint-Étienne. Polisi wa Ufaransa walipomnasa aliyekuwa akiirusha, walikuta ni mchambuzi wa benchi la ufundi la Kanada. Alihukumiwa kifungo cha nje cha miezi minane. Yeye na kocha msaidizi aliyekuwa akimsimamia walirudishwa nyumbani, na kocha mkuu, Bev Priestman, akaondolewa kambini. Julai 27 ikaja hukumu ya FIFA: Priestman na wasaidizi wake wawili wafungiwe mwaka mmoja, shirikisho lilipe faini ya faranga 200,000 za Uswisi, na timu ipokwe pointi sita.

Siku hiyo Kanada ilikuwa imecheza mechi moja tu. Ilikuwa imeifunga New Zealand 2-1 na ina pointi tatu. Ukizitoa sita, inabaki na deni la tatu. Kesho yake iliingia uwanjani dhidi ya wenyeji Ufaransa, palepale Saint-Étienne, na dakika tisini zilikwisha ubao ukisoma 1-1. Dakika ya 12 ya nyongeza, beki Vanessa Gilles akapachika la pili. Bao ambalo timu nyingine ingelisherehekea usiku kucha, kwao lilifanya kazi moja: liliwatoa kwenye hasi, likawafikisha sifuri. Julai 31 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikatupa rufaa yao, na siku hiyohiyo Gilles yuleyule akafunga bao pekee lililoilaza Kolombia. Walitinga robo fainali wakiwa wa pili, juu ya Kolombia kwa tofauti ya mabao, wakatolewa na Ujerumani kwa mikwaju ya penalti.

FIFA haikumwadhibu mchezaji hata mmoja kwa jina. Iliwaadhibu wote kwa jezi.

Sheria iliyotumika inasema shirikisho linabeba dhamana ya matendo ya maofisa wake, na ina mantiki yake. Bila hiyo, kila timu ingekuwa na mtu mmoja wa kutolewa kafara: anatumwa kupeleleza, akikamatwa anafukuzwa, na wengine wanaendelea kula matunda ya kazi yake. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema wachezaji wasingeguswa kabisa. Kilichopatikana kwa hila kirudishwe, hata kama aliyekishika hakujua kilitoka wapi. Pointi tatu za mechi ya New Zealand ziliingia doa, na kuziondoa ni haki. Lakini zile tatu nyingine zilichukuliwa kwenye jasho la mechi ambazo droni ile haikuzihusu. Hapo hatuzungumzii tena kurudisha mali. Ni viboko, na mgongo uliochapwa si wa aliyekosa.

Kuna jambo jingine katika kesi hii ambalo halikupigiwa kelele inavyostahili. Pointi zile sita hazikwenda kwa mtu. New Zealand, ndio waliochunguliwa, walipoteza mechi zao zote tatu na kuondoka bila pointi hata moja. Mashabiki wetu wanajua sana habari za pointi za mezani: timu ikichezesha mchezaji asiye halali, mpinzani hupewa ushindi. Safari hii mezani palikuwa na faini, kufungiwa na makato, ila hapakuwa na chochote cha kumpa aliyeibiwa.

Je, wajua kwamba udanganyifu wa timu moja ya kikapu uliwafungia mlango wanamichezo wa dunia nzima kwa zaidi ya miaka kumi? Mwaka 2000, katika Michezo ya Walemavu huko Sydney, Hispania ilitwaa dhahabu ya mpira wa kikapu kwa wanaume wenye ulemavu wa akili. Baadaye ikabainika kwamba kati ya wachezaji 12, kumi hawakuwa na ulemavu wowote. Siri ilitobolewa na mmoja wa hao kumi, Carlos Ribagorda, mwandishi wa habari aliyekuwa amejichomeka kikosini. Alisimulia kwamba katika mechi moja, walipokuwa wakiongoza kwa mbali, kocha aliwaambia wapunguze kasi wasije wakashtukiwa. Kwetu wachezaji wa namna hiyo huitwa mamluki, na yeyote aliyewahi kufuatilia mashindano ya shule anajua mamluki hajileti mwenyewe. Kuna mtu mzima aliyemwandikia jina.

Medali zilirudishwa, na ni sawa zirudishwe. Lakini warudishaji walikuwa 12, maana wawili waliokuwa na ulemavu kweli, waliostahili kuwa pale, nao walivuliwa dhahabu zao pamoja na mamluki. Kisha Kamati ya Kimataifa ya Michezo ya Walemavu ikasimamisha kundi zima la wenye ulemavu wa akili, kwa hoja kwamba vipimo vya kuwatambua haviaminiki. Athens 2004 hawakushindana. Beijing 2008 hawakushindana. Walirudi London 2012, na kwa michezo mitatu tu: riadha, kuogelea na tenisi ya mezani. Mpira wa kikapu wao haujarudi mpaka leo.

Na aliyekuwa mkuu wa shirikisho la Hispania lililopeleka timu ile? Mwaka 2013 mahakama ilimtoza faini ya euro 5,400. Kijana mwenye ulemavu wa akili, awe mkimbiaji au mwogeleaji, ambaye hakuwahi hata kufika Hispania, alikosa Michezo ya Walemavu mara mbili. Katika visa vyote ninavyovijua vya aina hii, sijaona ambapo mizani iliinama vibaya kuliko hapa. Kusafisha vipimo lilikuwa jambo la lazima, lakini kuwafungia wasio na hatia wakati usafi ukifanyika lilikuwa jambo la kuchagua, na waliochagua walichagua vibaya.

Watoto nao hawasalimiki. Mwaka 2014 timu ya besiboli ya Jackie Robinson West, wavulana weusi wa umri wa miaka 11 hadi 13 kutoka upande wa kusini wa Chicago, ilitwaa ubingwa wa Marekani katika mashindano makubwa ya watoto, yale ya Little League. Jiji liliwafanyia maandamano ya kuwapokea, na Rais Obama akawaalika Ikulu. Februari 2015 ubingwa ukafutwa na kupewa timu ya Las Vegas. Kosa lilikuwa kwamba watu wazima walioiendesha timu walichezea ramani ya mipaka ya eneo lao ili wapate kusajili watoto wa maeneo jirani. Kocha akafungiwa. Tazama upande wa pili lakini: wale watoto wa Las Vegas nao walifungwa na kikosi kilichokusanywa isivyo halali, nao ni watoto. Ndiyo maana sithubutu kusema ubingwa ungeachwa ulipo. Ninachosema ni kwamba wavulana wa Chicago walikuwa na haki ya kuambiwa waziwazi, na wakubwa wa mashindano, kwamba kila pigo walilopiga lilikuwa lao.

Italia ina kioja chake. Julai 9, 2006, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Berlin, wachezaji wanane wa klabu moja walikanyaga uwanja: Buffon, Cannavaro, Zambrotta, Camoranesi na Del Piero kwa Italia; Thuram, Vieira na Trezeguet kwa Ufaransa. Klabu hiyo ni Juventus. Siku tano baadaye ilishushwa daraja, kwa sababu kigogo wake Luciano Moggi alikuwa akiwashawishi wanaopanga waamuzi. Ubingwa wa ligi wa 2005 na wa 2006 ukapotea. Buffon, aliyerudi na kombe la dunia, alibaki na klabu yake na kucheza daraja la pili, ambako timu ilianza msimu na pointi 17 pungufu. Wenzake kadhaa waliuzwa Real Madrid, Barcelona na Inter. Mchezaji nyota ana pa kukimbilia. Anayeumia zaidi klabu inaposhushwa ni mtunza jezi na muuza tiketi, ambao hakuna anayewagombania sokoni.

Je, wajua kwamba kuna mahali mambo yaligeuzwa kabisa, wachezaji wakadanganya na wakubwa wao wakalipa? Katika besiboli, mdakaji humwonyesha mrushaji kwa vidole aina ya mpira wa kurusha, na mpigaji hapaswi kujua. Houston Astros, mabingwa wa mwaka 2017, walielekeza kamera kwenye vidole hivyo, wakaweka skrini kwenye ujia ulio nyuma ya benchi lao, na aliyeitazama aligonga pipa la taka ili mpigaji asikie. Mlio huo wa pipa unasikika mpaka leo kwenye video za mechi zile. Januari 2020 ligi ilimfungia mwaka mmoja kocha mkuu, A. J. Hinch, pamoja na meneja mkuu wa klabu, Jeff Luhnow, na wote wawili wakafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Klabu ilitozwa dola milioni 5 na kunyimwa nafasi zake za juu za kuchagua vijana wapya. Wachezaji walioligonga pipa waliahidiwa kinga ili waseme kweli, na ubingwa wa 2017 ukabaki kwao. Ukiuweka uamuzi huu kando ya ule wa Kanada, unaona kwamba wakuu wa michezo hawana kipimo kimoja. Wanaadhibu pale ambapo mkono unafika kwa urahisi.

Yupo kocha aliyelipa mwenyewe. Januari 2019 mtu wa Leeds United alikutwa nje ya uwanja wa mazoezi wa Derby County. Kocha wa Leeds, Marcelo Bielsa, aliita waandishi wa habari, akakiri kwamba alikuwa amechunguza mazoezi ya wapinzani wote wa msimu ule, na faini ya pauni 200,000 iliyotozwa klabu akaitoa mfukoni mwake. Leeds hawakukatwa pointi. Ligi ikatunga kanuni mpya inayokataza kutazama mazoezi ya mpinzani ndani ya saa 72 kabla ya mechi.

Kwa Wakenya jambo hili si la mbali. Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya kwa sababu serikali iliingilia uongozi wa shirikisho, na Harambee Stars wakaondolewa kwenye mechi za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika hata kabla ya kugusa mpira. Kundi lao likabaki na Kamerun, Namibia na Burundi. Hakuna mchezaji aliyekuwa amemwingilia mtu.

Lakini Kenya hiyohiyo ina mfano wa pili. Rio 2016, kocha wa mbio fupi alikuwa na kadi ya utambulisho ya Ferguson Rotich, mkimbiaji wa mita 800, na wapimaji wa dawa walipokuja kumtafuta Rotich, kocha akajitambulisha kuwa ndiye na kutoa mkojo wake. Alijitetea kwamba kadi aliazimwa ili apate kifungua kinywa. Alirudishwa nyumbani siku hizohizo. Rotich aliachwa ashindane, akafika fainali na kumaliza wa tano. Miaka mitano baadaye, Tokyo, alichukua medali ya fedha nyuma ya Mkenya mwenzake Emmanuel Korir.